Mpe Jembe: Nafasi ya Mwenyeji katika Nadharia ya Kuzoea Ugeni

Warsha za kuwaandaa wafanyakazi wanaopelekwa ng'ambo hupenda kuanza na mchoro wa herufi U: mgeni hufika akiwa fungateni, huzama katika mshtuko, kisha hupanda polepole hadi akazoea. Asili yake ni utafiti wa Sverre Lysgaard (1955) kuhusu Wanorwe waliokwenda Marekani kimasomo, na hatua alizozitaja Kalervo Oberg (1960). Kwamba ugeni unaumiza, hakuna anayebisha. Ubishi uko kwenye umbo la maumivu yenyewe. Colleen Ward na wenzake (1998) waliwafuatilia wanafunzi wa Kijapani nchini New Zealand, wakakuta shida imezidi mwanzoni kabisa. Fungate haikuonekana.

Pande zote mbili, hata hivyo, zinampima mgeni peke yake. Hapo ndipo ninapoachana nazo.

Chukua mfano wa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki. Mwaka 1903 Carl Velten alichapisha *Desturi za Wasuaheli*, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni maandishi ya Mtoro kuhusu uzazi, ndoa, ngoma na maziko ya pwani. Mwaka 1904 akaoa Mjerumani. Ana kazi, ana kitabu, ana wakwe: wapima mkunjo wa U wangemwandika kuwa amekwisha kuzoea. Mwaka 1905 akapanda meli na mkewe kurejea Afrika Mashariki, na serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka. Wakarudi Ujerumani. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Tumweke wapi kwenye ile U? Kilichomwangusha ni amri ya watawala, tena ilimkuta kwenye bandari za kwao, wala si ugenini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisoma methali hii kama onyo kwa mgeni mvivu. Lakini tuitazame sarufi: "mpe" anaambiwa nani? Mwenyeji. Ndiye anayetakiwa kutenda, na jembe halina maana pasipo shamba. Mtoro alikabidhiwa jembe, akalima, shamba akanyimwa.

Nitaambiwa kwamba huo ulikuwa ukoloni, na mtaalamu wa leo husafiri na mkataba mkononi. Ni kweli kwa kiasi. Ila kibali cha kazi kinachomfunga mtu kwa mwajiri mmoja, au viza inayomwacha mwenzi wake nyuma, bado humshusha mgeni aliyekwisha kujifunza lugha na kupata marafiki.

Mfano mmoja hauwezi kuiangusha nadharia, na sidai hivyo. Unatosha, nadhani, kuibadilisha hojaji. Kabla ya kumuuliza mgeni kama amezoea, tumuulize mwenyeji amempa nini kufikia siku ya tatu.