Maskati na Unguja: Umbali wa Pepo

Kwa njia ya anga, Maskati na Unguja zimeachana kama kilomita 3,900. Sisi tunaokwenda nyumbani likizo tunahesabu saa tano na ushei, na ndege ikichelewa kidogo tunanung'unika. Wazee wetu hawakuhesabu saa, walihesabu pepo. Kaskazi iliteremsha majahazi Unguja, kusi ikayarudisha Arabuni. Aliyekosa kusi alingoja mwaka wa pili.

Umbali huo ulimkuta Seyyid Said bin Sultan, mwenye miji mikuu miwili na bahari katikati. Septemba 1856 aliondoka Maskati kwa manowari yake Victoria, bila kungoja kaskazi. Tarehe 19 Oktoba akafariki karibu na Shelisheli, na Unguja hawakujua mpaka chombo kilipofika. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye safarini, alimzika baba yake usiku kwa siri ili atwae kiti. Hakukipata. Seyyid Majid alibaki na Unguja, Seyyid Thuwaini na Maskati. Mwaka 1859 Thuwaini alitaka kuja na merikebu za vita, Waingereza wakamzuia. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Uingereza huko India, akaamua ziwe dola mbili, Unguja iilipe Maskati riali 40,000 kila mwaka.

Wapo wanaosema Waingereza ndio walioigawa dola ile. Sisi tunaona bahari ilikwisha kuigawa zamani. Amri iliyoandikwa Maskati kaskazi ikiwa imekwisha, jahazi lingeifikisha Unguja lini?