Vitufe vitatu vya mzazi

Ni kitambo sijaandika, kazi zimenibana. Leo nataka kuwaelezea moja ya hizo kazi, halafu tuzame kidogo katika historia.

Wiki tatu zilizopita chuo kimoja ambacho sitakitaja kilinipa kazi ya kuongeza ukurasa wa wazazi katika mfumo wake wa wanafunzi. Walitaka vitufe vitatu tu. Cha kwanza kimwonyeshe mzazi siku ambazo mwanawe amekwenda zahanati ya chuo na alichotibiwa. Cha pili, barua na vifurushi vilivyomfikia. Cha tatu, saa alizotoka na kuingia langoni mwa hosteli. "Wazazi ndio wanaolipa karo," msimamizi wa mradi aliniambia. "Wana haki ya kujua."

Kuandika msimbo wenyewe ni kazi ya siku mbili. Lakini mkono ulikuwa mzito. Nikiwa na shaka huwa natafuta nani alipita njia hiyo kabla yangu, na hapa waliotangulia ni Wamarekani. Wamevutana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja, mahakamani na bungeni, kwa hiyo makosa yao yameandikwa vizuri.

Tuanze na barua. Tarehe 1 Januari 1913 posta ya Marekani ilianza huduma ya kusafirisha vifurushi vya kawaida ndani ya nchi. Uzito wa juu mwanzoni ulikuwa ratili 11, yaani kilo 5 hivi. Wanafunzi wa vyuo waliona upesi kwamba huo ni uzito wa nguo chafu! Yakatokea masanduku maalumu ya kutuma nguo nyumbani, yenye mikanda na kadi ya anwani inayogeuzwa. Upande mmoja wa kadi ni anwani ya nyumbani, wa pili ni ya chuo. Mwanafunzi anajaza mashati na soksi, anatuma. Mama anafua, anapiga pasi, anageuza kadi, anarudisha. Mara nyingi kati ya mashati kulikuwa na keki.

Nyinyi mnaoandika programu mmeshatambua: hiyo ni itifaki kamili. Kuna ombi, kuna jibu, na anwani zinabadilishana nafasi. Lakini fikiria pia kile mama alichosoma bila barua yoyote. Shati lina matope, basi anacheza mpira. Koti linanuka sigara. Wiki hii sanduku halikuja kabisa. Mzazi alikuwa akipata habari za afya na za marafiki kutoka kwenye kikapu cha dobi. Tofauti na kitufe changu ni kwamba mwanafunzi ndiye aliyechagua cha kutia sandukuni.

Mwaka huohuo wa 1913, Mahakama ya Rufaa ya Kentucky iliamua kesi ya Gott dhidi ya Chuo cha Berea. Bwana Gott alikuwa na mkahawa ng'ambo ya barabara kutoka chuoni. Chuo kikawakataza wanafunzi kuingia katika mikahawa kisiyoisimamia, wateja wakapotea, naye akashtaki. Alishindwa. Mahakama ilisema chuo kinasimama mahali pa mzazi katika maadili, afya na masomo ya mwanafunzi. Wanasheria huita hali hiyo kwa Kilatini in loco parentis.

Kwa nusu karne iliyofuata, vyuo vingi viliendeshwa hivyo. Wasichana walikuwa na saa ya kurudi bwenini na daftari la kutia sahihi wakitoka. Mvulana akiruhusiwa kuingia chumbani, mlango ubaki wazi. Kitufe changu cha tatu, cha lango, kilikuwepo zamani sana. Kilikuwa kalamu na daftari mezani kwa mlezi wa bweni. Mzazi hakuhitaji kuchungulia. Alikuwa ameazimisha uzazi wake kwa chuo.

Shida ya kuazimisha mamlaka ni kwamba huwezi kuchagua yatatumiwaje. Tarehe 25 Februari 1960, wanafunzi weusi 29 wa Chuo cha Jimbo cha Alabama, mjini Montgomery, waliingia mkahawa wa umma chini ya jengo la mahakama na kuomba wahudumiwe kama watu wengine. Chuo kiliwafukuza tisa, bila kuwasomea shitaka na bila kuwasikiliza. Sheria za ubaguzi zilikuwa zimevaa joho la mzazi. Agosti 1961, katika kesi ya Dixon dhidi ya Bodi ya Elimu ya Alabama, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema hapana: chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi bila kumjulisha kosa lake na kumpa nafasi ya kujitetea. Kuanzia hapo mwanafunzi akaanza kuonekana kama raia, si mtoto wa kuazimwa.

Mwaka 1971 katiba ya Marekani ilibadilishwa, mtu wa miaka 18 akapata kura. Mwaka 1974 ikaja sheria iitwayo FERPA, iliyosukumwa na Seneta James Buckley wa New York. Kwa watoto wa shule, inampa mzazi haki ya kuona kumbukumbu za mwanawe. Lakini mtoto akifika miaka 18, au akijiunga na chuo kwa umri wowote, haki zote zinahamia kwake. Ni kama kubadilisha mmiliki wa faili. Mzazi anayelipa karo yote anaweza kupiga simu kuuliza alama, akaambiwa kwa adabu amwulize mwanawe.

Sheria hiyo ina milango ya pembeni. Chuo kinaweza kumwambia mzazi ikiwa mwanafunzi bado ni tegemezi wake katika kodi, au kukiwa na dharura ya afya au usalama. Mwaka 1998 uliongezwa mlango mwingine: mwanafunzi wa chini ya miaka 21 akivunja kanuni za pombe au dawa za kulevya. Angalia neno "kinaweza". Halikuwa "lazima".

Neno hilo liligharimu. Tarehe 16 Aprili 2007, mwanafunzi wa chuo cha Virginia Tech aliwaua watu 32 kabla ya kujiua. Jopo lililoteuliwa na gavana lilikuta kwamba dalili zilionekana tangu 2005, ila kila ofisi ilishika kipande chake, na wazazi wake hawakuambiwa. Maofisa wengi waliamini sheria za faragha zinawafunga mdomo, kumbe ziliruhusu zaidi ya walivyodhani. Mwaka 2008 kanuni zilirekebishwa ili chuo kisiogope kusema wakati wa hatari. Nimeisoma habari hii mara kadhaa, kwa sababu inamkata mtu kama mimi anayependa kusema "faragha" na kufunga mjadala.

Afya ina kichekesho chake pia. Tangu sheria ya bima ya mwaka 2010, kijana wa Marekani anaweza kubaki kwenye bima ya mzazi hadi afike miaka 26. Vizuri. Lakini kampuni ya bima humtumia mwenye bima, yaani mzazi, taarifa ya huduma zilizolipiwa. Daktari amefunga mdomo, chuo kimefunga mdomo, halafu bahasha inafika nyumbani na kusema yote. Wenzangu, mkitafuta mahali data inapovujia, angalieni risiti.

Na maisha ya marafiki? Facebook ilianza Februari 2004 kwa wanafunzi wa Harvard, kisha vyuo vingine, na kwa muda ulihitaji barua pepe ya chuo kuingia. Septemba 2006 ilifunguliwa kwa kila mtu wa kuanzia miaka 13. Mama akaingia. Daftari la mlezi wa bweni likarudi, safari hii likiwa na picha.

Sisi tuna uzi wetu katika hadithi hii. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliruka kutoka Nairobi kwenda vyuo vya Marekani, katika mpango alioupigania Tom Mboya. Wazazi wao hawakuwa na kitufe chochote. Walikuwa na karatasi nyepesi ya ndege, ambayo asiyejua kusoma alisomewa na mwalimu au mtoto wa jirani. Mwanafunzi mwenye akili alijua kwamba anamwandikia mama na kijiji kizima, akapima maneno.

Sasa turudi kwenye kazi yangu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaiweka habari ya afya katika kundi la data nyeti. Mwanafunzi wa miaka 18 ni mtu mzima. Nilimweleza msimamizi hayo, naye akaniuliza kama nina mtoto. Sina. Lakini nina mama.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni nililazwa siku nne kwa nimonia. Sikumwambia mama, nisimtie wasiwasi. Ijumaa alinitumia pesa kwa M-Pesa, na desturi yetu ni kujibu, "Zimefika mama, asante." Hadi Jumamosi jioni hakuna jibu. Akampigia mwenzangu wa chumbani, akapanda basi la usiku, alfajiri akawa kando ya kitanda. "Mbona hukuniambia?" Sikuwa na jibu la maana.

Siwezi kudanganya: kitufe cha kwanza kingemfikisha siku mbili mapema. Lakini kama ningejua mama anaona kila nikiingia zahanati, kuna mara mbili nyingine ambazo singeingia kabisa. Na namba ya mwenzangu aliipata wapi? Nilimpa mwenyewe, siku aliyonileta chuoni.

Kwa hiyo nimeandika hivi. Mwanafunzi mwenyewe ndiye anayemfungulia mzazi, kitufe kwa kitufe, na ruhusa inaisha mwisho wa muhula. Kila mzazi akitazama, mwanafunzi anaona. Kwa dharura hakuna kitufe: muuguzi anainua simu na kumpigia mtu ambaye mwanafunzi alimwandika siku ya kwanza, na uwanja huo mfumo haukubali ubaki mtupu. Cha barua nimekifuta. Cha lango bado tunabishana, na nikishindwa huenda nikaachia mradi.

Wewe mzazi, wewe mwanafunzi, mngefungua kipi? Mimi nimeshampigia mama kumwuliza. Alicheka, akasema yeye atabaki na M-Pesa yake.