Wasomaji wa riwaya pendwa waliulizwa lini?

Kati ya 1842 na 1843, gazeti la Journal des Débats la Paris lilichapisha kwa mfululizo riwaya ya Eugène Sue, Les Mystères de Paris. Ndani yake wamo wezi, makahaba na mafukara wa jiji, pamoja na mtawala tajiri anayejifanya mtu wa kawaida ili awaokoe. Wasomaji walimwandikia Sue mamia ya barua. Wapo waliomshukuru, waliomkosoa, waliomwomba msaada, na hata waliomwelekeza wahusika wake wafanye nini.

Barua zile zilikuwa hazina ya kumjua msomaji. Karl Marx na Friedrich Engels walipoijadili riwaya hiyo katika kitabu chao cha 1845, Familia Takatifu, walishughulika na maandishi ya Sue na ya waliomsifu. Walimkosoa tajiri yule mwenye huruma kwa ukali, na kwa haki. Msomaji hakuulizwa kitu.

Aliyeligeuza swali limhusu msomaji ni Mwitaliano Antonio Gramsci. Serikali ya Mussolini ilimfunga 1926, na tangu 1929 akawa anaandika madaftari yake gerezani. Aliona magazeti ya Italia yakitafuta wanunuzi kwa kuchapisha upya kazi za Alexandre Dumas. Mbona Waitaliano wanasoma hadithi za Wafaransa wa karne iliyopita? Lawama hakumtupia msomaji. Aliwatupia waandishi wa nchi yake, ambao waliishi mbali na watu wao na hawakuyajua yanayowaumiza. Katika kisasi cha mfungwa wa riwaya ya Dumas, Le Comte de Monte-Cristo, aliona ndoto ya mchana ya mtu aliyeonewa, naye aliichukulia ndoto hiyo kwa uzito. Kwangu mimi, hapo ndipo taaluma ya kuchunguza utamaduni pendwa inapoanza kweli.

Wanafalsafa wa Kijerumani Theodor Adorno na Max Horkheimer walikuwa wamewakimbia Wanazi. Wakiandika Los Angeles, jirani na Hollywood, waliziona filamu, redio na magazeti kuwa tasnia inayotoa bidhaa za mtindo mmoja na kumzoesha mtu kutii. Kitabu chao kilitoka rasmi Amsterdam 1947. Hofu yao ilikuwa na sababu, kwa kuwa walikwisha kuiona redio ikimtumikia Hitler. Hata hivyo, katika kurasa zao mlaji wa bidhaa hizo hasikiki akisema.

Uingereza, Richard Hoggart, mtoto wa familia maskini ya Leeds, aliandika 1957 juu ya usomaji wa watu wa tabaka lake. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha utafiti wa utamaduni katika Chuo Kikuu cha Birmingham, ambacho baadaye kiliongozwa na Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika.

Kisha, 1984, Mmarekani Janice Radway akatoa utafiti aliouandika baada ya kukaa na wanawake wapenzi wa riwaya za mahaba, wateja wa muuzaji mmoja wa vitabu. Alikuta ni wasomaji wachaguzi. Baadhi yao walisoma mwisho kwanza ili wahakikishe hadithi inaishia kwa furaha, na shujaa mkatili walimkataa. Alipowauliza kwa nini wanasoma, walizungumzia zaidi kitendo chenyewe cha kusoma: kitabu kikiwa mkononi, mume na watoto wanajua mama asisumbuliwe. Radway aliona humo upinzani mdogo. Aliona pia kwamba kitabu kikifungwa, mgawanyo wa kazi nyumbani unabaki vilevile. Hayo yote mawili yasingepatikana kwa kuchambua maandishi peke yake.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunao Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, wapelelezi waliosomwa sana miaka ya 1970 na 1980. Wahakiki wamejadili kama riwaya hizo ni fasihi nzito au nyepesi, na mjadala huo una nafasi yake. Lakini wengi waliokuwa vijana wakati ule bado wapo, Tanga, Mwanza na Mombasa, na wanakumbuka walivyoazimana vitabu hivyo. Wafuatwe wakaulizwe walichokuwa wakikitafuta humo, na majibu yao yaandikwe wangali hai.