Ngiri, Sipro na Kidole cha Daktari

Mwanamume wa Itiryo, kata iliyo karibu na mpaka wa Kenya wilayani Tarime, akiumwa chini ya kitovu, kiunoni na kwenye korodani, akikojoa kwa kuungua, akapata nafuu kisha akarudiwa, mganga atamwambia ana ngiri. Duka la dawa litamwambia ana yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Majibu yote mawili ni mapana mno, lakini hayakosei mahali pamoja.

Ngiri ya waganga si henia tu, ile ya utumbo kutokeza kwenye kinena. Ni mshipa unaopanda na kushuka, unaovuta mgongo, unaobana korodani na kumpokonya mtu nguvu za kiume. Kiini cha maelezo hayo ni kwamba ugonjwa huu hutulia bila kuondoka. Mganga wa mizizi hashangai mgonjwa akirudi, maana alikwisha kumwambia atarudi.

Tiba ya hospitali inakijua kisababishi cha maambukizi. Bakteria, mara nyingi Esherikia koli wa utumbo mpana, hupanda njia ya mkojo hadi kwenye tezi dume iliyo chini ya kibofu. Humo hujifunika utando wa ute au hujificha kwenye vijiwe vidogo, na kuta za tezi hupitisha dawa chache. Amoksilini huingia kwa shida. Sipro na septrini hupenya vizuri zaidi. Ndiyo maana maambukizi yaliyodumu miezi mitatu au zaidi hutibiwa kwa wiki 4 hadi 6, na bakteria yuleyule akionekana tena na tena kwenye mkojo, tezi ndiyo hushukiwa.

Hapa ndipo ninapomtetea mganga kidogo. Amekosea chanzo, ila muda ameusoma vizuri. Anayetoa dozi ya siku tano ana sayansi yote upande wake, lakini dozi hiyo ni ya maambukizi ya kawaida ya mkojo. Maumivu yakipoa, mgonjwa anaacha. Yakirudi, ananunua vidonge vingine bila kipimo, na bakteria waliobaki wanazidi kuzoea dawa. Ngiri inapata ushahidi mpya.

Upande wa dawa za asili, tuna muiri, mti wa milimani ambao gome lake lilifika Ufaransa katika miaka ya 1960 likawa kidonge cha tezi dume. Kidonge hicho ni cha tezi iliyokua kwa umri, hakiui bakteria. Mnadani tofauti hiyo hupotea: kukua kwa tezi, saratani na maambukizi vyote hupewa chupa moja ya dawa. Muhimbili ilianza kuchunguza dawa za asili mwaka 1974, na sheria ya tiba asili ikapitishwa mwaka 2002. Hata hivyo, chupa ya mnadani bado haiulizi umri wala homa.

Kikwazo kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kipimo chenyewe. Mwaka 1968 Meares na Stamey, madaktari wa Marekani, walieleza namna ya kupata jibu: mkojo wa mwanzo, mkojo wa katikati, majimaji yanayotoka tezi ikikandwa, na mkojo wa baada ya hapo, kila kimoja kwenye chombo chake. Tezi hukandwa kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Mkuria wa Tarime aliyesimama mbele ya ngariba bila kupepesa jicho anaweza kukataa kidole hicho, hasa daktari akiwa rika la mwanawe, kwa kuwa baba na mwana hawagusiani mambo ya mwili wa chini hata kwa maneno. Si ujinga. Ni heshima ambayo chumba cha daktari hakikuandaliwa kuipokea, ingawa kumpa mzee daktari wa rika lake, inapowezekana, au kumweleza mapema kitakachofanyika, hakugharimu chochote.

Na hata akikubali, huenda asikutwe na bakteria. Kati ya wanaume wenye maumivu ya aina hii, chini ya mmoja katika 10 ndiye mwenye maambukizi yanayothibitika. Mgawanyo uliochapishwa Marekani mwaka 1999 uliwapa wengine wote fungu lao, la maumivu sugu ya nyonga, na matibabu yao hugusa misuli, usingizi, wasiwasi na ndoa. Kwa hao, sipro ya mwezi mzima ni hasara na inaweza kuumiza kano za miguu. Orodha ya maumivu anayoitaja mganga, mgongo hadi korodani hadi kitandani, inawaeleza vizuri kuliko cheti cha maabara kilichoandikwa kwamba hakuna kilichoonekana.