Vitofali, Ng'ombe wa Udongo na Jina la Aliyeunda

Leo tunaongea juu ya vitu vya kuchezea, lakini msikimbie, mada hii si ya watoto peke yao. Kuna watu wazima, wenye kazi na familia, ambao hobi yao ni kukusanya vitofali vya plastiki, kuviunganisha kuwa majumba na magari, halafu kukaa chini na kuhukumu: hii kazi ni safi, ile ni ya kawaida. Wengi wetu tukisikia hivyo tunacheka, ati hayo ni mambo ya wazungu wenye pesa. Sisi tunaona tofauti. Kuunda kitu kidogo na kukihukumu kwa jicho kali ni jambo la zamani sana hapa Sudan Kusini. Kitu ambacho wenzetu wa vitofali wametuzidi ni kuandika jina la aliyeunda.

Tuanze na vitofali vyenyewe. Mwaka 1932 seremala mmoja wa Billund, nchini Denmark, aitwaye Ole Kirk Christiansen, alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao. Uchumi wa dunia ulikuwa mbaya na kazi za useremala zilikuwa zimepungua. Mwaka 1934 kampuni yake ilipata jina la LEGO, kutoka maneno mawili ya Kidenmaki yenye maana ya "cheza vizuri". Vitofali vya plastiki vilikuja mwaka 1949. Tarehe 28 Januari 1958 mwanawe, Godtfred, aliombea haki ya uvumbuzi kitofali chenye mirija ndani yake, ile mirija inayofanya vipande vishikane imara bila gundi. Kitofali cha 1958 bado kinashikana na kile kinachotoka kiwandani leo. Na ukichukua vitofali sita tu vya rangi moja, vyenye vichomozi vinane kila kimoja, kuna njia 915,103,765 za kuviunganisha.

Watoto waliovichezea wakakua, na wengine wakavirudia. Mwaka 2000 ulianzishwa mtandao wa BrickLink, watu wazima wakawa wanauziana vipande na seti za zamani. Mwaka 2008 kampuni ilitoa Taj Mahal ya vipande 5,922, na tangu 2020 maboksi mengi yanaandikwa 18+, yaani hii ni ya wakubwa.

Watu hawa wanahukumu vipi? Wanauliza kama jengo linasimama lenyewe au ukiligusa linaanguka. Wanaangalia rangi. Wanaangalia kama muundaji ametumia kipande kwa kazi ambayo hakikutengenezewa, kwa mfano ndizi ndogo ya plastiki ikawa pambo la ukuta. Halafu wanauliza: nani ameibuni? Seti nyingi kubwa zina jina la mbunifu kwenye kitabu chake cha maelekezo. Kuna hata mpango wa LEGO Ideas, ambapo mtu wa kawaida akipata kura 10,000 kazi yake inapelekwa kwa wakaguzi wa kampuni. Ikikubaliwa, analipwa sehemu ya mauzo.

Sasa turudi kwetu. Ukitoka Juba ukafuata Nile kuelekea kaskazini unafika Terekeka, nchi ya Wamundari, na mbele zaidi kuna Wadinka na Wanuer. Huko mtoto hangoji boksi kutoka dukani. Anachukua udongo wa mtoni, anafinyanga ng'ombe, anawaanika juani, anawajengea zizi. Edward Evans-Pritchard, Mwingereza aliyeanza utafiti wake kwa Wanuer mwaka 1930, aliandika kwenye kitabu chake cha 1940 jinsi watoto walivyocheza na ng'ombe wa udongo na kuigiza ndoa. Maana yake, mchezo huo ulikuwa shule. Mtoto anahesabu mahari na anajifunza nani ni shemeji wa nani, akiwa na matope mkononi.

Na kuhukumu kulikuwepo, tena kukali. Waangalie hao ng'ombe wa udongo: uso haujalishi sana, miguu wakati mwingine ni vipande vinne vifupi tu, lakini nundu ni kubwa na pembe ni ndefu kupita kiasi. Kumbe mtoto anafuata vipimo vya wakubwa. Wakubwa wanapotazama fahali wanatazama pembe zilivyojikunja, nundu ilivyosimama, na mpangilio wa rangi. Kwa Kidinka kila mpangilio una jina lake: mabior ni fahali mweupe, malual ni mwekundu wa kahawia, majok ni mweusi na mweupe. Majina haya wanapewa watu pia. Kila mkimtaja John Garang de Mabior, ambaye kaburi lake liko hapa Juba tangu 2005, mnataja na rangi ya fahali. Mwaka 1992 mtafiti Jeremy Coote aliandika kwamba anayetaka kuelewa sanaa ya watu hawa aanze na jinsi wanavyotazama ng'ombe. Wazee wetu hawakuhitaji kuambiwa.

Kukusanya kulikuwepo pia, ila waliokusanya walitoka mbali. Leo ng'ombe wa udongo kutoka Sudan Kusini wako kwenye jumba la makumbusho la Pitt Rivers, mjini Oxford, Uingereza. Tunashukuru kwamba wapo, kwa sababu udongo usiochomwa ukipata mvua moja tu umekwisha. Lakini kumbukumbu za vitu vya namna hii mara nyingi zina jina la aliyekusanya, kabila, na mwaka. Jina la mtoto aliyefinyanga halipo. Alikuwa na jicho, alikuwa na mkono, pengine wenzake walijua kabisa kwamba pembe zake ndizo nzuri kuliko za wote. Sisi hatuwezi kumtaja.

Hii inatuhusu kwa sababu jambo hilohilo linaendelea. Vita vilipozuka Juba mwezi Desemba 2013, maelfu ya watu walikimbilia vituo vya Umoja wa Mataifa vya Tomping na UN House. Wengine walivuka kwenda Uganda na Kenya. Udongo ukaenda na watoto, ila vitu vilivyotoka ndani yake vikabadilika: malori, helikopta, vifaru, bunduki. Waliokulia Kakuma na Bidibidi wanajua pia magari ya waya na makopo, yenye usukani mrefu na magurudumu ya vifuniko vya chupa. Wageni wanayapiga picha. Picha inasambaa, na chini yake imeandikwa "mtoto mkimbizi na gari lake". Basi.

Vitofali vya kiwandani navyo vinatufikia. Masanduku ya UNICEF ya watoto wadogo, yenye vitalu vya kujengea na vikaragosi, hutoka kwenye ghala lao kubwa la Copenhagen, nchi ileile ya Denmark. Mwezi Desemba 2019 mfuko wa LEGO Foundation ulitangaza dola milioni 100 kwa shirika la IRC, kwa ajili ya watoto kujifunza kwa kucheza. Kazi hiyo ikaitwa PlayMatters, ikaenda Uganda, Ethiopia na Tanzania, na kule Uganda kuna wengi wa kwetu. Ni msaada mzuri. Lakini msaada ukifika na imani kwamba mtoto huyu hajawahi kuunda kitu, umefika umechelewa sana.

Kwa hiyo, vijana wenzetu, tuige kitu kimoja kutoka kwa hao watu wazima wa vitofali. Ukiona mdogo wako ameunda ng'ombe, lori au nyumba, usiseme tu "safi". Kaa naye, hukumu kama mzee wa zizi: pembe zimekaa vipi, gari linakata kona au halikati, kwa nini umechagua waya huu? Halafu andika jina lake, mahali, mwaka, na alichotumia.

Na ninyi ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, kabla ya kupiga picha ulizeni aliyeunda ni nani. Kama ni mtoto, mwulizeni yeye na mzazi wake anataka atajwe vipi, maana kuna familia ambazo jina likitoka hadharani linaleta hatari. Hapo lihifadhini kwa siri, lakini lihifadhini. Akikua akitaka kulitoa, alikute.

Wale wa Oxford hatuwezi tena kuwauliza. Hawa wa Juba, Gorom, Kakuma na Bidibidi bado wako nje hapo, mikono ina matope.