Damu si kipimo: dhara dogo na dhara kubwa mbele ya sheria

Ugomvi ukitokea mtaani, watu huangalia damu kwanza. Shati likiloa, kaumizwa vibaya. Asiyetoka damu huambiwa avumilie, yatapita. Sheria ya Kenya haipimi hivyo, na naona wengi wetu hupotezea haki zetu papo hapo.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inaanza chini kabisa. Kofi lisiloacha alama ni shambulio la kawaida, kifungu cha 250, kifungo hadi mwaka 1. Likiacha uvimbe au mchubuko, ni kifungu cha 251, hadi miaka 5.

Dhara kubwa ni jambo jingine kabisa: kifungu cha 234, na adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Kifungu cha 4 kinalieleza. Ni dhara linalohatarisha uhai, au linaloharibu afya vibaya au kwa kudumu, au linaloacha sura imeharibika daima, au linalolemaza kiungo au hisi. Kiungo chenyewe chaweza kuwa cha ndani. Kwa hivyo aliyechanjwa mkono kwa kisu, akashonwa akapona, huenda asifike hapo (kujeruhi kuna kifungu chake, cha 237). Lakini mama aliyezabwa kibao sikio likafa, bila hata tone la damu, amefika. Vivyo hivyo aliyepigwa teke bandama ikapasuka, ngozi ya tumbo haina alama.

Ndiyo sababu fomu ya P3 ni muhimu mno. Ukisharipoti kituoni na kupewa nambari ya OB, polisi hujaza sehemu yao, kisha daktari anakupima na kuandika dhara ni la kiwango gani. Fomu hiyo hailipiwi. Neno la daktari ni ushahidi tu, hakimu ndiye anayeamua, lakini ataamua kwa kutazama nini ikiwa P3 inasema "uvimbe shavuni" na sikio halikutajwa? Mwambie daktari kila kitu, hata kizunguzungu. Weka karatasi za matibabu, piga picha kabla uvimbe haujashuka.

Halafu kuna sulhu, ambayo sisi twaipenda, na mimi siipingi. Kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinairuhusu mahakama kuhimiza suluhu na fidia, lakini kwa shambulio la kawaida na makosa ya kibinafsi yasiyofikia jinai kubwa. Dhara kubwa ni jinai kubwa. Familia zikae barazani, pesa zipokelewe, karatasi itiwe sahihi mbele ya wazee: kesi ikishafunguliwa ni ya Jamhuri, na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma mwenyewe hawezi kuiondoa bila idhini ya mahakama. Aliyelipa fidia akidhani yamekwisha anaweza kuitwa kizimbani bado, na aliyepokea akaitwa kutoa ushahidi.