Barua za mbio na watu wasio na peni

Zamani huko Uingereza barua zilibebwa na vijana wa posta waliopanda farasi. Walikuwa wanaporwa sana njiani, na barua ya kutoka Bristol kwenda London, kama kilomita 190, ilichukua karibu siku mbili. John Palmer, mwenye kumbi za maigizo kule Bath na Bristol, aliona magari ya farasi ya abiria yanaipita posta kwa mbali.

Tarehe 2 Agosti 1784 gari lake la kwanza la posta liliondoka Bristol saa kumi jioni. Kesho yake, kabla ya saa mbili asubuhi, lilikuwa London. Siri ilikuwa vituoni: kila baada ya kilomita kama 16, farasi waliochoka walifunguliwa, wengine wakafungwa chapuchapu. Nyuma alikaa mlinzi mwenye bunduki, bastola mbili na tarumbeta. Akiipiga tu, mwenye geti la ushuru anafungua, maana gari la posta halilipi.

Mtu atasema basi, tatizo limekwisha. Wapi! Aliyelipa kwa kawaida ni mpokeaji, na bei ilipanda kwa umbali na idadi ya karatasi. Barua moja ya mbali ilimeza sehemu kubwa ya mshahara wa siku wa kibarua. Wabunge walituma bure. Maskini alifikishiwa barua mlangoni, akakosa pesa, ikarudi.

Watu wakatafuta ujanja. Wengine walijaza karatasi, halafu wakaigeuza upande na kuandika tena juu ya mistari ileile, ili isizidi moja. Wengine waliweka alama kwa nje: mpokeaji anaiona, anajua mtu wake ni mzima, anaikataa barua bila kulipa. Kwa lugha yetu, walikuwa wanabipu!

Rowland Hill akapigania bei moja. Januari 1840 ikawa peni moja kwa barua nyepesi, popote nchini, mtumaji akilipa mwanzoni. Barua zilikuwa kama milioni 76 mwaka 1839. Mwaka 1840 zikafika kama milioni 168. Wakati huo treni zilikuwa zimeshaanza kuyaondoa yale magari barabarani.

Kwa hiyo wenzangu, na nyinyi mnaofanya kazi na sisi: tukiambiwa mtandao wa kasi umefika kambini, tushukuru, halafu tuulize na bei ya bando.